Mikia Matopeni: Juu ya Kuandaa Ulimwengu Kabla ya Wenyeji Wake

Husimuliwa katika Ugogo kwamba hapo zamani tembo alishuka kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, kijito ambacho jina lake, kwa mujibu wa masimulizi hayo hayo, latokana na mikuyu iliyoota kandokando yake, wala si na Wakikuyu wa Kenya. Tembo akakanyaga mahali penye tope laini, akazama. Walioona wakasema kwa Kigogo "idodomya", yaani amezama. Na wageni walipokuja wakaligeuza neno hilo kwa ndimi zao likawa Dodoma. Masimulizi mengine hayana tembo. Yasema kwamba Wagogo fulani waliiba ng'ombe wa jirani zao wa kusini, Wahehe, wakawachinja na kuwala, wakabakiza mikia tu. Nayo mikia wakaichomeka katika ardhi ya kinamasi. Wenye mali walipofika wakitafuta mifugo yao, walionyeshwa mikia imesimama topeni, wakaambiwa: ng'ombe wenu wamezama.

Wapendao mambo ya staha hushika kisa cha tembo. Wapendao fasihi hawana budi kushika kisa cha mikia, kwa kuwa ndani yake mna ufundi mkubwa wa kutunga. Wezi wale hawakuchonga ng'ombe wa mti, wala hawakutunga habari ndefu ya jinsi kila mnyama alivyoteleza. Walitayarisha mikia, wakaiweka mahali ambapo tope lilikuwa tope kweli. Na viwiliwili vya ng'ombe, pembe zao na mlio wao wa mwisho viliumbwa na akili ya mwenye ng'ombe mwenyewe. Lau wangaliongeza pembe, pengine hila yao ingalifichuka, maana pembe hushikika na kuvutika. Lau wangaliichomeka mikia hiyo katika udongo mkavu, hata mikia mia isingalitosha.

Swali lililomo katika kisa hiki ni kongwe: mtu aumbaye ulimwengu ili watu wengine waje kuingia na kutenda humo, aandae kiasi gani kabla hawajafika? Mtungaji wa riwaya hana taabu hii, kwa kuwa msomaji hawezi kumkamata mhusika mkono akampeleka njia nyingine. Taabu ni ya yule ambaye kazi yake hukamilishwa na watu asiowajua, wenye nia zao na miguu yao. Katika karne ya 20 swali hilo liliulizwa kwa bidii na watu wa aina mbili ambao aghalabu hawatajwi pamoja: waendeshaji wa michezo ya kuigiza ya mezani, na wapangaji wa miji mipya. Uwanda wa kati wa Tanzania uliwaona hawa wa pili wakiwa kazini, na Kikuyu, ambayo leo ni kata mbili za Dodoma, ya Kaskazini na ya Kusini, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotiwa katika ramani zao.

Mchezo wa mezani yafaa uelezwe kwanza, kwani si wote waujuao. Watu wachache huketi kuzunguka meza. Mmoja wao ni mwendeshaji: yeye ndiye ajuaye nchi ya kubuni ambamo mambo yatatendeka, milima yake, miji yake, wafalme wake na maadui wake. Wengine kila mmoja hujivika nafsi ya mtu mmoja, shujaa au mwizi au mganga, naye husema, "Naingia katika pango," au, "Nampa mlinzi fedha anipishe." Jambo likiwa na shaka, dadu hutupwa. Mwendeshaji hueleza yaliyotokea, wachezaji huamua tena, na hivyo kisa hukua wiki baada ya wiki, pengine kwa miaka, bila mtu yeyote mezani kujua mwisho wake.

Asili ya mchezo huu ni jeshi. Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, wenye vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu, na majedwali ya kuhesabu waliokufa. Kila kitu kilikuwa kimeandaliwa: mwendo wa farasi, shabaha ya bunduki, kina cha mto. Maofisa walicheza, wakajifunza, kisha wakachoka, kwa sababu mwamuzi alishinda akipekua majedwali huku vita vikisimama. Mwaka 1876 jenerali wao mmoja, Julius von Verdy du Vernois, akapendekeza majedwali yawekwe kando na mwamuzi mwenye uzoefu aachiwe kuamua kwa akili yake. Basi kambi mbili zikazaliwa, ya wanaoandaa kila kitu na ya wanaomwamini mwamuzi, na ugomvi wao haujapata kwisha.

Mchezo wenyewe wa kuigiza ulichapishwa Marekani mwaka 1974, kwa jina la Dungeons & Dragons, na watungaji wake walikuwa Gary Gygax wa Wisconsin na Dave Arneson wa Minnesota. Vile vijitabu vitatu vya kwanza vilitoa jibu la wazi kwa swali letu: mwendeshaji achore ramani zisizopungua sita za ngazi za mashimo yaliyo chini ya ardhi, aweke humo hatari na hazina, ndipo awaite wachezaji. Ramani sita, basi. Ulimwengu uliobaki, bahari zake na falme zake, ungengoja. Gygax mwenyewe alianza mwaka 1972 na ngome moja na mashimo yake. Nchi iliyoizunguka ilikua kila wachezaji walipotaka kujua kilicho nyuma ya kilima, hata mwaka 1980 ikatolewa chapa yenye ramani na habari za falme zake.

Mwenziwe katika zama hizo, M.A.R. Barker, mwalimu wa chuo kikuu aliyefundisha Kiurdu huko Minnesota, alikwenda njia ya pili. Nchi yake ya kubuni, Tékumel, alikuwa ameifikiri tangu utotoni. Mchezo wake ulipochapwa mwaka 1975, nchi ile ilikuwa na historia ya maelfu ya miaka, dini, koo, na lugha zenye sarufi na maandishi yake. Wasomi wa lugha wataona wivu. Lakini mchezaji aliyeketi mezani kwa mara ya kwanza aliona kwamba karibu kila neno atakalosema laweza kuwa kosa: hajui amsalimu nani kwa heshima gani, wala ukoo gani hauli na ukoo gani. Ulimwengu ulikuwa mkamilifu, naye alikuwa mgeni ndani yake, akiogopa kuvunja chombo. Baadhi ya watu waliupenda sana kwa sababu hiyo hiyo. Walakini wengi zaidi walikwenda kwenye ngome ya Gygax, ambako hapakuwa na chombo cha kuvunja illa walichokileta wenyewe.

Mashindano haya ni ya burudani, na akosaye hupoteza jioni moja tu. Huko Dodoma, katika miaka hiyo hiyo, njia zote mbili zilijaribiwa juu ya watu halisi, nyumba halisi na mashamba halisi.

Iliyotangulia ilikuwa njia ya kuandaa machache. Wagogo walizoea kukaa kwa kutawanyika. Tembe zao, nyumba za udongo zenye paa bapa zilizozunguka zizi la ng'ombe, zilikuwa mbalimbali, kwa kuwa mvua ya Ugogo huja miezi michache na huchagua pa kunyesha; mwenye shamba huku na ng'ombe kule hakufa njaa upesi kama mwenye vyote mahali pamoja. Nchi hii iliijua njaa kwa majina. Ile ya Mtunya, iliyofuata Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi yalipokuwa yamechukua nafaka, mifugo na wapagazi, ilikumbukwa na wazee kwa vizazi. Basi katika mwaka 1970 na 1971 serikali ilianzisha Operesheni Dodoma, ili watu wa mkoa waliotawanyika wakusanywe katika vijiji vya ujamaa, wapate shule, zahanati na maji. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikwenda kukaa Chamwino akafanya kazi ya mikono pamoja na wanakijiji.

Nia ilikuwa njema, na mengi yaliyoahidiwa yalikuwa mahitaji ya kweli. Kilichoandaliwa kabla ya watu kuhama, hata hivyo, kilikuwa kidogo mno. Kijiji kiliweza kuwa mstari wa vigingi kando ya barabara. Umbali wa kutoka nyumbani hadi shamba la zamani, malisho ya ng'ombe walioletwa pamoja, maji ya kutosha kaya zilizoongezeka ghafula, hayo yaliachwa yatatuliwe baadaye na wale wale waliohamishwa. Mwendeshaji wa mchezo akisahau kuandaa pango, hubuni pango papo hapo, na hakuna ajuaye. Kisima hakibuniwi papo hapo.

Njia ya pili ilifuata mara. Mwaka 1973 matawi ya TANU nchini yaliulizwa kama makao makuu ya serikali yahamishwe kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Yaliyokubali yalikuwa mengi kuliko yaliyokataa, na mwezi wa Oktoba uamuzi ukatangazwa. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake tatu, CDA, ikiongozwa katika miaka yake ya mwanzo na George Kahama. Kazi yote ilikusudiwa kuchukua miaka kumi. Kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ya Macklin Hancock, ambaye alipata sifa kwa kitongoji cha Don Mills huko kwao Kanada, ilipewa kuchora mpango, nao ukatoka mwaka 1976.

Yampasa mtu wa leo ausome mpango huo kwa heshima, maana haukuwa kazi ya wavivu wala ya watu wasioipenda nchi. Ulikataa mji wa fahari kama Brasília, wenye barabara pana za magari na majumba yanayomdunisha apitaye kwa miguu. Ulitaka makao makuu ya taifa la vijiji yawe nayo kijiji kikubwa cha vijiji. Kiini chake kilikuwa nyumba kumi kumi, kama chama kilivyopangwa. Nyumba hizo zikaunganishwa kuwa mitaa ya watu wapatao 7,000, na mitaa minne kuwa jumuiya ya watu wapatao 28,000. Kila jumuiya ilichorewa shule zake, soko lake, bustani zake za chakula na njia zake za miguu. Mabasi yalipewa barabara yao wenyewe, iliyopita kama uti wa mgongo, ili mtu asiye na gari asitembee mbali kuyafikia. Gari la mtu binafsi likawekwa nyuma. Mawazo hayo miji mingi ya ulimwengu imeyafikia kwa kuchelewa, baada ya kusongwa na magari yake.

Kulinganisha na Brasília kwafaa kuendelezwa kidogo, kwa sababu huonyesha kinyume kisichotarajiwa. Lúcio Costa aliyeshinda shindano la kuipanga Brasília mwaka 1957 alipeleka michoro michache ya mkono na maelezo mafupi, kana kwamba ni mikia tu. Mji ulifunguliwa mwezi wa Aprili 1960. Mpango wa Dodoma, uliojitahidi kuwa mnyenyekevu, ulikuwa na maelezo mengi zaidi kuliko ule wa fahari. Unyenyekevu wa umbo haukuwa unyenyekevu wa maandalizi. Mwenye kuchora kijiji hata njia ya mtoto kwenda shule ameamua mambo mengi zaidi katika maisha ya mwenzake kuliko mwenye kuchora mstari mmoja mkubwa na kuuacha.

Na karatasi haikuwa tupu. Reli ya kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na mji mdogo ukaota kando yake. Palikuwa na hospitali ya Mirembe, gereza la Isanga, misheni, maduka, na vijiji vya Wagogo vilivyokuwapo kabla ya hayo yote. Huko Kikuyu palikuwa na shule ya sekondari iliyokuja kuitwa Mazengo, kwa jina la mtemi mashuhuri wa Mvumi, ambako vijana wa nchi nzima walisoma. Mpangaji aliyetazama uwanda kutoka angani aliona nafasi. Mkazi wa Kikuyu hakuona nafasi. Aliona shamba la fulani, mti wa kivuli, na njia ya kwenda kisimani. Huyu ni mchezaji aliyekuwa ameketi mezani tangu zamani, wala hakuna aliyemwuliza nafsi gani angependa kuivaa.

Miaka kumi ilipita, na Dodoma haikuwa kama ilivyochorwa. Sababu kubwa hazikuwamo katika ramani: bei ya mafuta ilipanda baada ya 1973, ukame ukafuata, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita na Idi Amin vikala hazina mwaka 1978 na 1979. Wizara zilibaki pwani. Hayo si makosa ya mchoraji. Lililo la kuangaliwa ni jinsi maelezo mengi yalivyotenda kazi wakati fedha hazipo. Mpango wenye mambo machache ukikosa fedha hungoja. Mpango wenye mambo mengi ukikosa fedha haungoji. Hugeuka kuwa orodha ya makatazo. Barabara ya mabasi isiyojengwa bado hukataza nyumba kujengwa mahali pake. Bustani isiyopandwa bado humzuia mwenye mbuzi. Watu waliokuja mjini kutafuta maisha hawakuweza kungoja uti wa mgongo wa mabasi. Walijenga kwa udongo na mabati huko Chang'ombe na kwingineko, wakafungua genge barazani, wakalima mahindi palipoandikwa makazi na wakakaa palipoandikwa mahindi.

Mamlaka ilijibu kwa silaha aliyonayo kila mwenye kushika ramani. Ardhi yote ya eneo la makao makuu ilikuwa mikononi mwake, naye mwananchi alipewa hati ya miaka 33, wakati kwingineko nchini hati ya miaka 99 ilikuwa jambo la kawaida. Aliyejenga bila kibali aliweza kuvunjiwa. Hapa ndipo mfano wa mezani unapopata uzito wake. Wachezaji wa mwendeshaji mkali husema kwamba wamewekwa juu ya reli: popote wageukapo, kisa huwarudisha pale alipokwisha kuandaa. Wao huweza kuondoka wakaenda meza nyingine. Mjane aliyevunjiwa chumba cha kupangisha hana meza nyingine.

Kuwatetea wapangaji kunawezekana, nako ni haki. Pasipokuwa na amri mji huota kando ya barabara kuu tu, mabonde ya maji hujengwa, na atakayetaka kupitisha bomba baada ya miaka ishirini hupitia katika vyumba vya watu. Dar es Salaam ni ushahidi wa kutosha. Viwanja vya Dodoma, wapitaji wengi wamesema, ni vyenye nafasi na vinapumua, na mitaa iliyopimwa hupitika hata na gari la zimamoto. Hayo ni matunda ya mchoro. Hata hivyo yatazamwe matunda ni yapi: upana wa njia, mpaka wa kiwanja, ardhi ya bonde iliyoachwa wazi, chanzo cha maji kilicholindwa. Kiini cha nyumba kumi, jumuiya ya watu 28,000 na bustani ya chakula ya kila mtaa havikuacha alama kama hiyo. Yaliyodumu ni yale ambayo mkazi mmoja asingeweza kujifanyia mwenyewe kwa mikono yake. Yaliyotoweka ni yale ambayo mkazi aliyajua zaidi kuliko mchoraji: akae na nani, auze nini mlangoni, alime wapi.

Mpango ulifanyiwa marekebisho mwaka 1988, na tena baadaye. Bunge lilihamia Dodoma mwaka 1996. Mwezi wa Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yote itahamia, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia mwezi wa Septemba. Mwezi wa Mei 2017 Rais aliivunja CDA, akitaja malalamiko ya wananchi juu ya ardhi, na kazi zake zikapelekwa kwa halmashauri ya manispaa. Hati za miaka 33 zikaamriwa kugeuzwa kuwa za miaka 99. Ni nadra katika historia ya miji kuona mwendeshaji akiondolewa mezani na mchezo ukaendelea kwa kasi zaidi. Mwaka 2018 Dodoma ikapata hadhi ya jiji, na sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ikapitishwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956; ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Shule ya Mazengo ilikuwa imekwisha kubadilika: tangu 2007 mahali pake Kikuyu pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Kanisa la Anglikana, jambo ambalo hakuna mchoraji wa 1976 aliyeliandalia nafasi, na nafasi ikapatikana.

Mpango mpya wa jiji ulitolewa mwaka 2019. Mwaka huo huo, huko Mtumba, mashariki ya mji, ofisi za kwanza za Mji wa Serikali zilifunguliwa. Zilijengwa kwa namna ambayo Gygax angeitambua. Kila wizara ilipewa kiwanja kikubwa, ikaambiwa ijenge kwanza ofisi ndogo ya kuanzia kazi. Barabara za lami na majengo ya ghorofa yakaja nyuma, watumishi wakiwa wamekwisha kuingia. Katika miezi ya mwanzo vumbi lilikuwa jingi na mahali pa kula palikuwa pachache. Mama lishe hawakuwamo katika mchoro, lakini walifika mapema, wakaweka meza zao pale watu walipopita, na njia za miguu zikaelekea kwao.

Maji ya mji yaliendelea kutoka kwa sehemu kubwa katika visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora kaskazini, bonde lile lile ambalo wapangaji wa kwanza walilitegemea walipokuwa wakihesabu mji wa watu wachache zaidi.